Daktari wa Ngozi ya Bati

Shangazi hakumwangalia mgeni usoni. Alianza na viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye suruali iliyopigwa pasi ikasimama wima, akafika kwenye mikono, na hapo akaweka kituo. Vidole vya mgeni vilijaa makovu membamba meupe, kama vya mtu aliyeishi miaka yote akigombana na paka.

"Shikamoo, Mama," mgeni alisema.

"Mm," Shangazi akajibu.

Marahaba aliimeza makusudi. Kisha akauchukua mto wa kochi, ule wa kufuma kwa mkono, akauhamishia upande wake ili mgeni asije akauegemea.

Bikari aliyaona yote hayo. Alikuwa na miaka thelathini na nne na shahada tatu. Alikuwa amesimama kwenye kumbi za watu, katika nchi za watu, akatetea hoja zake bila sauti kumtetemeka. Lakini Jumapili hii saa nane mchana, kwenye sebule ya mama yake, mbele ya dada wa marehemu baba yake, alirudi kuwa msichana wa miaka kumi anayengoja kuchapwa. Hata jina la Bikari lilitoka kwenye umri huo. Kaka zake ndio waliompa, kwa sababu hakuwa akikiacha kile chombo cha kuchorea duara. Alichora kwenye madaftari, kwenye meza ya chakula, mpaka kwenye mlango wa kabati. Walimpa kwa dhihaka, likamganda.

"Na kazi yako ni ya bati," Shangazi alisema. Hakuwa anauliza. Alitamka kama hakimu anayesoma mashtaka.

"Ndiyo, Mama. Natengeneza mabomba ya moshi, mifereji ya mapaa, njia za hewa za majengo makubwa."

"Kwa hiyo unagonga."

"Nagonga, ila kwanza napima. Kupima ndiyo kazi, kugonga ni..."

"Unagonga," Shangazi alihitimisha, akamgeukia mtu aliyeketi kwenye kiti cha marehemu. "Profesa, ongeza chai, usione haya. Wewe si mgeni hapa."

Huyo ndiye aliyemkata Bikari maini. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba Jumapili atamleta mtu wake ajitambulishe. Mama akakubali, akanunua biskuti. Shangazi alipopata habari akafanya mwaliko wake mwenyewe, akamwita Profesa, mkuu wa idara anakofundisha Bikari. Mkewe Profesa alifariki miaka mitatu nyuma, na tangu siku ile Shangazi amekuwa akimsifia ugane wake kama mtu anayesifia kiwanja kilicho wazi karibu na barabara. Sasa Profesa alikuwa amekaa pale, kitambi kimetulia juu ya mapaja, kikombe kwenye kiganja, anamtazama fundi bati kwa tabasamu la mtu aliyekata tikiti mapema.

Profesa alikuwa na historia ndefu na Bikari, na yote ilikuwa ya dharau ya upole. Alimsimamia kwenye shahada ya pili. Siku ya kwanza Bikari alipoingia ofisini kwake na kusema anataka kufanya utafiti wa jiometri, Profesa, ambaye yeye ni mtu wa aljebra, alivua miwani, akaifuta, akasema, "Binti, jiometri ilishakufa. Kilichobaki wamegawana watoto wa shule ya msingi na mafundi cherehani." Kila alipompelekea mchoro aliurudisha akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Picha si hoja." Bikari alijikaza, akamaliza, akaondoka kwenda ng'ambo kwa miaka minne. Huko alimpata msimamizi mwingine, bibi mmoja mwenye mvi aliyejaza ofisi yake maumbo ya karatasi mpaka hapakuwa na pa kukaa. Bibi yule ndiye aliyemwambia neno la kwanza la heshima kuhusu michoro yake. "Mkono wako unajua kabla ya kichwa chako," alimwambia. "Usiuzuie."

Aliporudi nyumbani na udaktari wake, alipewa chumba cha ofisi kilichokuwa zamani stoo ya mafagio. Majirani walimletea vikohozi na vidonda. Alipowaeleza kuwa yeye ni daktari wa hesabu, walimtazama kwa huruma, wakaondoka.

"Miaka kumi na mmoja ya pembetatu," Shangazi alipenda kuwaambia watu. "Ndugu yangu aliuza usingizi wake kumsomesha, na matunda yake ndiyo hayo: pembetatu. Sasa anatuletea na mgonga bati. Wataishi kwenye paa."

Fundi bati alikuwa kakaa wima kwenye ncha ya kiti, mikono juu ya magoti. Hakuonyesha kuudhika. Bikari alimtazama kwa kujiiba, akakumbuka siku waliyoonana, na kwa sekunde chache sebule ikawa nyepesi.

Ilikuwa miaka miwili nyuma. Alikuwa amepeleka mchoro karakanani kwake ili atengenezewe umbo la kufundishia, kitu chenye mdomo wa mraba chini na mdomo wa duara juu. Alijiandaa kumweleza kwa nusu saa. Fundi aliutazama mchoro mara moja, akauweka pembeni, akachukua bati bapa, chaki na rula. Alichora mistari kama ishirini, akakata, akalikunja bati kwenye goti lake, na umbo likainuka kutoka kwenye ubapa kama mtu anayeamka kitandani. Mraba chini, duara juu. Hakulivuta hata kidogo. Bikari alisimama na mkoba wake begani. Miaka minne ng'ambo alikuwa akiandika kuhusu nyuso za aina hiyo, na hakuwahi kuiona mikono inayozijua.

"Umejuaje pa kuweka mistari?" aliuliza.

"Bati lolote lililokunjwa vizuri, rula italala juu yake upande mmoja," Fundi alisema, akailaza rula kuonyesha. "Ikikataa kulala popote, ujue hapo bati limevutwa. Limeumizwa."

Alikwenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Mwanzoni alibeba michoro, baadaye alisahau kuibeba. Walikuwa wanakaa juu ya madebe yaliyopinduliwa, wanabishana. Siku moja alimweleza jambo lililomshinda kwa mwaka mzima: mkunjo wa mviringo, unaozunguka na kujirudia, ambao hesabu zake zilikataa kuulaza chini. Fundi alikata pete ya bati, akaichora duara katikati, akaikunja taratibu kwa koleo huku anaizungusha. Pete ikajipinda yenyewe, pande mbili juu, pande mbili chini, kama tandiko la farasi.

"Umekuwa unaulaza," alimwambia, "na wenyewe hautaki kulala."

Bikari alimbusu palepale, mdomo wake ukapata ladha ya vumbi la chuma. Miezi minane baadaye, jambo lile lilitoka kwenye jarida kubwa la ng'ambo, kurasa ishirini na saba.

"Hebu, Bwana Fundi," sauti ya Profesa ilimrudisha sebuleni. Alikuwa ameweka kikombe chini, na sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Mimi nilimfundisha huyu, najua taabu yake. Wewe unayetaka kuishi naye, unajua anatafiti nini?"

"Najua kidogo."

"Tuambie hicho kidogo."

Shangazi alijiinamisha mbele. Mama Bikari, aliyekuwa kimya pembeni na birika, aliinua macho.

Fundi alichukua gazeti lililokuwa juu ya meza, akatoa ukurasa mmoja. "Hii ni bapa," alisema. "Nikiiviringisha inakuwa bomba. Nikiizungusha hivi inakuwa kama pia ya watoto. Nikiiachia inarudi bapa, haina alama. Lakini mtu akiniambia niuvishe mpira kwa hii, siwezi. Itajikunja vibaya, itachanika, au nitaivuta mpaka iharibike. Sasa yeye anatafuta maumbo yote ya duniani ambayo kitu bapa kinaweza kuyavaa, halafu kikavuliwa na kurudi kama kilivyokuwa. Bila kovu."

Alilaza ukurasa wa gazeti juu ya meza, akaupapasa. Ulikuwa laini kama mwanzo. Yalikuwa maelezo mafupi na safi kuliko yote ambayo Bikari aliwahi kuyasikia, pamoja na yale aliyoyaandika mwenyewe.

"Bila kovu!" Profesa alirudia. Alimtazama Shangazi, akamtazama Bikari, akapumua kwa furaha. "Haya, sasa nimeelewa. Muda wote tunahangaika huyu ni daktari wa nini, kumbe ni daktari wa ngozi. Daktari wa ngozi ya bati!"

Akacheka. Na Bikari akacheka.

Hakikuwa kicheko kirefu. Kilimtoka puani na mdomoni kwa pamoja, kama chafya. Kilimtoka kwa sababu neno lenyewe lilichekesha, na kwa sababu miaka yote alipotaniwa na Profesa alijifunza kucheka haraka ili utani upite. Shangazi akaunga, akapiga mapaja, machozi yakamtoka. "Daktari wa ngozi ya bati! Uwii, Profesa, utaniua!"

Fundi hakuwatazama wale wawili. Alimtazama Bikari, mdomo wake, na akabaki akiutazama mpaka ulipofunga. Kisha akaukunja ukurasa wa gazeti mara mbili, akaurudisha mahali pake, akasimama.

"Mama, nashukuru kwa chai," alimwambia mama mwenye nyumba. "Naomba nisikae zaidi."

* * *

Alimkuta getini, anahangaika na komeo.

"Subiri," Bikari alisema, anahema. "Tafadhali subiri."

"Komeo lenu limepinda," Fundi alijibu bila kugeuka. "Likigongwa mara mbili kwa chini litanyooka. Ila msimwite fundi, atawachafulia sebule."

"Usiseme hivyo. Samahani. Ilinitoka tu, hata sikufikiri. Kilikuwa kichekesho..."

"Kilichekesha. Kingekuwa cha mtu mwingine ningecheka na mimi."

"Basi unajua sikumaanisha kitu!"

Hapo akageuka. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha Bikari zaidi. Ulikuwa na ile dharau tulivu anayokuwa nayo akiletewa kazi mbovu ya fundi mwingine.

"Shangazi yako simlaumu," alisema. "Profesa wako naye ni mtu aliyezoea kutukana kwa sauti ndogo. Watu wa aina hiyo naingia majumbani mwao kila siku kwa mlango wa nyuma, nafanya kazi, natoka. Wewe ndiye uliyenipitisha mlango wa mbele."

"Na nilikuwa najivunia..."

"Ulikuwa umejikunyata kama mtu aliyeleta mbwa mwenye matope. Nilikuona. Nikajisemea ni woga, utapita. Halafu ukacheka."

"Sekunde moja! Unanihukumu kwa sekunde moja?"

"Kama ingekuwa moja, ningekuwa nimekaa ndani nakunywa chai." Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Ile makala yako. Uliniletea nione picha, ukaniachia karakanani siku nzima. Hesabu sikuelewa hata mstari. Lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shukrani, na majina ya watu najua kuyasoma. Niliyahesabu. Watu kumi na mmoja. Profesa yumo. Mtunza maktaba yumo. Yule anayerekebisha mashine ya kuchapishia yumo. Pete yangu imo kwenye picha tatu, na kwenye moja dole gumba langu linaonekana mpaka na ukucha. Mwenye dole hayumo."

Bikari alifungua mdomo. Maneno aliyoyapata yalikuwa ya hovyo, na alijua ni ya hovyo kabla hayajatoka. "Majarida yana taratibu zake. Shukrani huwa ni za watu wa taaluma..."

"Anayerekebisha mashine ana shahada ngapi?"

Mtoto wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, dufu, dufu.

Ukweli ni kwamba jina lake lilikuwamo. Bikari aliliandika la kwanza kabisa, akaandika na kazi yake, fundi bati. Akalitazama kwenye kioo cha kompyuta. Akamwona Profesa akilisoma, akivua miwani, akiifuta. Akalifuta jina. Alijiambia atamshukuru kwa njia nyingine. Siku ile alimnunulia shati, hilohilo alilovaa leo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nangoja uone mwenyewe. Wewe ndiye msomi."

Komeo likaachia. Alitoka, akarudishia geti polepole, kwa adabu, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba yenye mgonjwa.

* * *

Ndani, Shangazi alikuwa amesharudisha mto wa kufuma mahali pake.

"Umeona? Hata kuaga hajui," alisema. "Mtu wa nyundo utamjua tu. Afadhali imeonekana mapema. Kaa, mwanangu, Profesa alikuwa anatueleza habari ya kupandishwa cheo chako."

"Kamati inakaa mwezi ujao," Profesa alisema, anachagua biskuti. "Makala ile itakusaidia sana. Mimi mwenyewe niliwaandikia kuwa ni kazi ya kiwango."

"Inasema nini?" Bikari aliuliza. Alikuwa bado amesimama.

"Nini?"

"Makala. Inasema nini?"

"Bikari, hapa ni nyumbani, tusianze mambo ya..."

"Alichokueleza yule mtu kwa gazeti ndicho kilichoandikwa ukurasa wa kwanza, karibu neno kwa neno. Hukukitambua. Umesifia kurasa ishirini na saba na hujafika hata wa pili. Na mkunjo uliojipinda kama tandiko, ule uliouandikia barua ya sifa, si wangu. Ni wa yule uliyemcheka. Mimi niliuthibitisha tu."

Profesa aliweka biskuti chini. Tabasamu lake lilibaki, ila lilikuwa limepoteza mwenyewe. "Ningekuwa wewe nisingelisema hilo mbele ya kamati."

"Nitalisema. Na jarida nitaliandikia leo."

"Wewe binti!" Shangazi alifoka. "Unamjibu hivyo mkuu wako kwa ajili ya mgonga bati? Una wazimu?"

"Mbona yeye alipokuwa amekaa hapa hukusema hayo?"

Haikuwa sauti ya Shangazi. Alikuwa mama yake, aliyekuwa anakusanya vikombe kwenye sinia. Hakumtazama binti yake.

"Mama..."

"Profesa alicheka wa kwanza. Wewe ukacheka wa pili. Wifi yangu wa tatu. Nilikuwa nahesabu." Akakichukua kikombe cha Fundi, kilichobaki nusu, akakiweka peke yake katikati ya sinia. "Huyu alinikuta jikoni alipofika, akaniuliza kama ninahitaji msaada wa kubeba birika. Katika hawa mlionijazia sebule, nani mwingine aliniuliza? Sasa umesimama unatoa hotuba, na mtu mwenyewe ameshafika barabarani."

Akaingia jikoni na sinia yake. Bikari alisikia maji yakifunguliwa. Hakuwahi kudharauliwa na mtu akaumia kiasi kile, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kumdharau akiwa na haki.

* * *

Jumatatu saa nne asubuhi karakana ilikuwa imechemka. Mashine ya kukunjia ilikuwa inalia, mabomba yamesimama ukutani kwa urefu, na Fundi alikuwa ameinama juu ya meza na mkasi wake wa bati. Alimwona Bikari akiingia. Akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari.

"Nilicheka," Bikari alisema. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno mengi, yakabaki hayo. "Na jina lako niliandika nikalifuta. Si utaratibu wa jarida. Nilikuonea aibu. Jana nimewaandikia warekebishe. Na Profesa nimemwambia."

"Ulimwambia lini?"

"Ulipoondoka."

"Ahaa." Fundi alichukua kipande alichokata, akakitazama ukingo. "Nilipoondoka. Huo ni ushujaa wa mtu anayerusha jiwe basi likishapita."

"Najua."

"Wewe unajua kila kitu, ila unajua kikishapita."

Alistahili kuambiwa. Fundi alilaza kile kipande, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nakupenda. Hilo halijabadilika tangu jana, na ningependa libadilike maana lingenipunguzia kazi. Lakini nikikuoa, watu watakuja nyumbani. Wenzako, ndugu zako. Watasema yao. Na mimi kila akiingia mgeni sitamtazama mgeni. Nitakuwa nakutazama mdomo wewe. Maisha gani hayo, Bikari? Mtu mzima, nyumbani kwangu, nakaa nalinda mdomo wa mke wangu."

Bikari alihisi machozi yamemfika kooni, akayarudisha. Kulia hapa kungekuwa kumwomba amhurumie, na hakuwa na haki hiyo.

"Nina kazi," Fundi alisema, akarudia mkasi.

Alikuwa anageuka kuondoka pale gari lilipoegeshwa nje, na mwanamke mnene wa miwani mikubwa akaingia akiwa ameinua upindo wa gauni lake lisiguse vumbi. Bikari alimtambua mara moja. Alikuwa mke wa mkuu wa kitivo, mwenye kiwanda cha mikate, mwanamke ambaye habari akiipata asubuhi, chuo kizima kinaipata kabla ya chakula cha mchana.

"Fundi, bomba la tanuri langu liko tayari? Nina haraka," alisema, kisha akamwona. "Heh! Daktari! Wewe tena, kwenye makelele haya? Bila shaka umekuja kutengenezewa vile vifaa vyako vya kufundishia."

Jibu lilikuwa limeshaandaliwa, limewekwa mbele yake kama kiti. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Kwa upande wa jicho alimwona Fundi. Mkasi ulikuwa umesimama katikati ya bati, na macho yake yalikuwa mdomoni mwa Bikari.

"Hapana, Mama," Bikari alisema. "Huyu ni mchumba wangu. Jana alikuja nyumbani kujitambulisha, nikamcheka mbele ya watu. Nimekuja kumwomba radhi, na bado hajanisamehe."

Yule mwanamke alivua miwani. Alimtazama Bikari, akamtazama Fundi kuanzia viatu kupanda juu, akamrudia Bikari, na midomo yake ikaanza kubetuka.

"Mchumba," alisema. "Huyu?"

"Huyu. Hata ile makala ambayo mume wako aliisifia kwenye mkutano wa kitivo, nusu yake imetoka kwenye meza hiyo unayoogopa kuigusa. Mwambie nimesema hivyo. Tena mwambie leo, usingoje kesho."

"Makubwa haya," yule mwanamke alinong'ona, na kicheko kikamponyoka, chembamba, cha puani.

Bikari hakucheka. Uso ulimwaka moto, masikio yalimpiga kelele, na aliona wazi jinsi habari itakavyosafiri, mlango kwa mlango, mpaka stoo ya mafagio. Akabaki amesimama, anamtazama yule mwanamke machoni mpaka kicheko kilipokosa pa kwenda, kikaisha chenyewe.

"Haya, Fundi," mwanamke alisema, anarudisha miwani haraka. "Nipe bomba langu niondoke. Nimekwambia nina haraka."

Fundi aliutoa mkasi kwenye bati, akauweka juu ya meza. Akavua glavu, moja baada ya nyingine, bila haraka hata chembe. Kisha akavuta debe tupu kwa mguu, akalipindua, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akamwonyesha Bikari akae.

"Bomba lako bado, Mama," alimwambia mteja wake. "Pitia saa nane. Sasa hivi nina mgeni."